Wali Huja Mwisho

Jumanne, 8 Oktoba. Fordsburg

Nimesali, nimewasha jiko, nimekata vitunguu. Kila siku huanza na vitunguu. Zawadi, msaidizi wangu wa jikoni, amechelewa, teksi za Berea zimegoma. Amekuja kwa miguu, amekasirika, akakaa kumenya viazi bila kusalimia. Baadaye akasalimia.

Mama Wen ameingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida yake. Duka lake la vyombo limepakana na mgahawa wangu, ukuta mmoja. Amesema visa yangu ya China imetoka. Nilikuwa na mwiko mkononi. Nimeendelea kukoroga, maana sikujua nifanye nini kingine.

Basi naenda. Mama yake, huko China, anatimiza miaka themanini, na amesema kitu kimoja tu anachotaka: aletewe yule mwanamke aliyemlisha binti yake, ampikie ule wali. Mwanamke huyo ni mimi.

Mumewe Mama Wen alipofariki hapa Johannesburg, ndugu zake walishindwa kuja. Akaacha kula. Nilikuwa nampelekea pilau kwenye bakuli la mfuniko, nakaa naye mpaka ale. Kwetu Pemba hilo si jambo la kusimulia, mtu akifiwa unampikia. Yeye alisimulia kwao kwa simu, na mama yake hakusahau.

Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: Fordsburg nzima, na Mayfair pamoja nayo, hakuna anayenishinda pilau. Wapemba wenzangu wanakiri. Wahindi wanajua, hawasemi tu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wateja wengi baada ya sala. Pilau imekwisha mapema.

Nimefunga viungo vyangu: uzile, iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu. Kila kimoja kwenye mfuko wake, na jina juu. Mwanangu Nassor ameuliza, kwa Kiingereza chake, Wachina wamekosa nini mpaka wale pilau. Anaelewa Kiswahili chote, hajibu kwacho. Nimemwambia wamekosa mpishi.

Zawadi ataangalia jiko. Amesimama mlangoni, kitambaa begani. "Uko naenda kweli, maman?" Kwao Bukavu, anasema, mtu hasafiri bara zima kwenda kupika wali. Kwetu pia hasafiri. Ndiyo maana naenda.

Jumatatu, 14 Oktoba. Guangzhou

Miguu imevimba.

Forodhani wamefungua begi langu na kuvichukua viungo vyote. Haviruhusiwi kuingia. Afisa alikuwa dada mpole, alinusa iliki kabla ya kuiweka kando. Upole wake haukunisaidia.

"Shoga, usinune," Mama Wen ameniambia. Shoga ni neno la kwanza nililomfundisha. Mengine tunazungumza Kiingereza chetu cha Fordsburg, na Kizulu anapopiga hesabu. "China kuna kila kitu."

Nimemwambia hakuna viungo vyangu. Nimenuna.

Jumanne, 15 Oktoba. Jingdezhen

Treni ya kasi, milima ya kijani, mashamba ya mpunga. Sikutegemea mpunga. Nimebandika uso dirishani kama mtoto.

Mama Wen aliniambia kwao ni mji mdogo. Mdogo kwa Wachina. Lakini una utulivu, na una kitu ambacho sijakiona popote: nguzo za taa barabarani ni za kauri, zimechorwa maua ya buluu. Hata nguzo za robot, zile taa za kuongozea magari. Watu wa hapa wamefinyanga vyombo kwa karne nyingi, na mji mzima unakukumbusha hivyo. Kuta za vichochoro zimejengwa kwa matofali ya tanuri za zamani, meusi, mengine yanang'aa kama yamepakwa asali.

Nyumbani kwao kuna ua mpana na karakana. Kaka yake, Guoliang, anatengeneza mabakuli na kuyachora mwenyewe. Mkewe, Xiulan, ni mcheshi. Kaka si mcheshi. Ameniinamishia kichwa, akarudi kwenye udongo wake.

Mama yao ni mdogo wa umbo kama binti wa shule, sikio moja halisikii. Nimeamua kumwita Bi Mkubwa, kama tunavyowaita wakubwa wetu Pemba. Alinishika mkono, akaugeuza, akaona makovu ya mafuta ya moto. Akanionyesha wake. Vidole vimepinda. Alichora mabakuli kiwandani maisha yake yote. Tulikaa hivyo, mikono wazi, hatuna lugha.

Nimempenda.

Jumatano, 16 Oktoba

Asubuhi tumekula maandazi yao ya mvuke, kama sambusa iliyopikwa kwa mvuke badala ya mafuta. Niliuliza kila moja lina nini ndani. La figili, la majani ya kitunguu, la jibini ya soya. Pilipili ya mji huu si mchezo. Nimetokwa jasho, Xiulan amecheka, nimeomba nyingine. Halafu tambi nene za mchele, baridi, kwa vitunguu saumu na figili iliyokaushwa. Nimezielewa mara moja. Chakula cha watu wanaofanya kazi ya mikono: cha haraka, kikali, cha kushibisha.

Nguruwe yuko kila mahali. Mama Wen anajua, amenitangulia kwa kila meza, anauliza kabla yangu. Amenunua sufuria mpya kubwa kwa ajili ya pilau, isiyoguswa na chochote.

Mchana amenipeleka kwenye duka la tambi la Waislamu. Mwenye duka anaitwa Ma, mtu wa milima ya magharibi, kofia nyeupe, ndevu chache. Anauvuta unga mpaka unakuwa nyuzi. Nilisema, "Assalaam alaykum." Akauacha unga hewani karibu uanguke. Akaita mke, wakatoka wote, wakanijibu salamu kama mtu aliyepotea miaka akarudi. Maneno yetu ya pamoja ni machache, yote ya sala. Yametosha. Nyama ya ng'ombe ya karamu nitaipata kwake, aliyechinja ni ndugu yake mwenyewe. Nimesali adhuhuri ghorofani kwao, kwenye mkeka wa mkewe.

Nimetembea kifua mbele kutoka pale.

Ijumaa, 18 Oktoba

Siku mbaya.

Nimepika pilau ya majaribio kwa mchele wa nyumbani kwao, ule mfupi wa mviringo. Viungo nilikuwa navyo viwili tu, vya jikoni kwa Xiulan. Imekuwa bokoboko. Imeshikana, nimeweza kusimamisha mwiko katikati yake. Mimi. Raya binti Kombo, ambaye wateja wanapanga foleni mpaka nje.

Xiulan amekula kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyoniuma. Bi Mkubwa alikuwa amelala, alhamdulillahi.

Guoliang ameonja kijiko kimoja. Akaongea na dada yake muda mrefu. Mama Wen hakutaka kunitafsiria, nimemlazimisha. Kaka anasema wapishi wa karamu wameshaajiriwa. Vyakula vitakuwa vingi, samaki, bata, nyama, mboga. Wali, kwao, huja mwisho kabisa, watu wakishashiba, wa kujazia nafasi tu. Kumwekea mgeni wali mbele kama chakula chenyewe ni kumwambia huna kitu. Kwa hiyo pilau yangu itakuja mwisho. Wakipenda wataonja. Na kama mgeni amechoka, si lazima apike.

Kwetu pilau ndiyo karamu. Bila pilau hakuna harusi, kuna kikao tu.

Nimemwambia Mama Wen amwambie kaka yake sijachoka.

Jumamosi, 19 Oktoba

Xiulan amemshinikiza mumewe atutembeze. Ametupeleka mahali zilipokuwa tanuri za wafalme. Anatembea mbele, mikono nyuma.

Pale kuna mashimo yaliyochimbwa na wataalamu, yamejaa vigae. Vyombo vya mfalme vilikuwa havitakiwi kuwa na doa. Chenye doa kilivunjwa na kufukiwa palepale, mtu mwingine asije akakitumia. Vigae kwa maelfu, buluu na nyeupe. Wataalamu wameviunga tena vipande kwa vipande, na unaona sahani nzuri ajabu, imejaa mistari ya gundi. Nimetafuta doa lililoihukumu. Sikuliona.

Chumba kingine kuna ramani. Njia za meli, kutoka hapa mpaka kwetu. Pwani ya Afrika Mashariki imechorwa. Nikaweka kidole kwenye kioo, mahali Pemba ingekuwa. Haikuandikwa. Kisiwa kidogo.

Nikamwambia Mama Wen, amtafsirie kaka yake: kwetu Ras Mkumbuu kuna magofu ya mji wa kale, na makaburi yenye nguzo. Kwenye nguzo kuna mashimo ya mviringo. Nilipokuwa mdogo tuliambiwa ndani ya mashimo yale yalikaa mabakuli kutoka China. Watu waliheshimu wafu wao kwa kuwapambia makaburi kwa vyombo hivi. Mabakuli yenyewe yalishaondoka kabla sijazaliwa. Mashimo yapo.

Guoliang aligeuka. Mara ya kwanza ameniangalia usoni. Aliuliza jambo moja: makaburi ya wafalme?

Nikajibu, ya watu wa mji. Wafanyabiashara, masheikh, mabibi.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Nimempigia kaka yangu Chake Chake nimwombe aende akapige picha. Amelalamika jua kali. Ataenda.

Jumatatu, 21 Oktoba

Lazima niandike haya yote kabla sijalala.

Mama Wen amesema viungo tutafute kwenye duka la dawa. Nimecheka. Dawa? Akanivuta mkono. Duka la zamani, ukuta mzima ni vidroo vidogo vya mbao, na nyuma ya kaunta mama mwenye miwani na mizani ya mkono. Mama Wen akataja, yule mama akafungua. Mdalasini, magome mazima. Kidroo kingine, uzile. Iliki yao ni kubwa na nyeusi, ina harufu ya moshi, lakini nyeupe nayo ipo. Wao wanatibia tumbo. Nimesema na mimi natibia tumbo.

Halafu akafungua kidroo cha karafuu.

Sikuhitaji kuambiwa. Nilichukua moja, nikaminya kichwa chake kwa ukucha. Mafuta yakatoka. Harufu ikanirudisha kwenye jamvi la baba yangu, karafuu zinakauka juani, sisi watoto tunazigeuza kwa miguu, mvua ikitishia tunakimbia wote kuzianua. Mikono ya mama ilinuka karafuu mpaka anakufa.

Nikamwambia Mama Wen amuulize zimetoka wapi. Yule mama akaenda nyuma, akarudi na gunia, akavua miwani, akasoma kwa sauti.

"Sang-ji-ba-er."

Nikamwomba arudie. Akarudia, taratibu, kama anamfundisha mtoto. Sang-ji-ba-er.

Zanzibar. Na karafuu ya Zanzibar, mtu yeyote wa kwetu atakuambia, nyingi yake ni ya Pemba.

Nimejipiga kifua pale dukani. Nimesema kwa Kiswahili, hii ni yetu, hii ni ya kwetu, baba yangu kapanda hii. Hawakuelewa neno. Mama Wen akawaeleza, na watu waliokuwa wakisubiri dawa wakanisogelea kunitazama, mzee mmoja akaniinamia. Yule mama wa dawa amesema amezipima karafuu hizi tangu ujana wake na hajawahi kumwona mtu wa huko. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Sijawahi kuona fahari ya namna ile. Johannesburg mtu akiniuliza natoka wapi, mara nyingi anataka kujua nitaondoka lini.

Baada ya hapo hata mchele umepatikana. Sokoni, kwa mkulima mwanamke, mchele mrefu mwembamba wa mashamba ya karibu. Xiulan amesema huo ni wa kizamani, watu wanapenda ule wa kaskazini unaonata. Nimetafuna punje mbichi. Imevunjika kavu. Nikasema huu.

Nimepika kidogo jioni. Umechambuka.

Jumanne, 22 Oktoba

Picha zimekuja kutoka Pemba. Kaka amekwenda kweli. Nguzo, kuvu juu yake, na shimo la mviringo, safi, kama limechorwa. Kaka ameweka kiganja chake ndani ili tuone ukubwa.

Nilimpelekea Guoliang simu karakanani. Alifuta mikono yenye udongo, akaitazama picha muda mrefu. Akaikuza. Akaweka kiganja chake mwenyewe hewani, akakikunja kufuata mduara. Kisha akaenda kwenye rafu zake, akachagua bakuli, akaliweka karibu na picha, akalirudisha, akachagua jingine dogo. Mama Wen alikuwa mlangoni. Guoliang akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Anasema, babu zetu walifanya kazi bila kujua inakwenda wapi," Mama Wen akanitafsiria. "Anasema sasa anajua moja ilikokwenda."

Aliomba nimtumie picha. Alasiri nimemwona nje kichochoroni amewakusanya wafinyanzi wenzake, simu inapita mkono kwa mkono, wananinyooshea kidole. Nilikuwa naanika nguo. Nimeanika taratibu, wanione vizuri.

Na baadaye, kando ya mto, Mama Wen ameniambia jambo alilokuwa amelificha tangu tufike. Kaka yake anataka abaki. Mama yao anadhoofika, Xiulan peke yake hawezi. Kaka anasema dada amekaa ugenini miaka ya kutosha, mume hayupo, binti yake, Wen, yuko Cape Town na maisha yake, anang'ang'ania nini Johannesburg.

"Umemjibu nini?" nikamuuliza.

"Sijamjibu."

"Na mimi hukuniambia."

"Ungepika vibaya," akasema.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimekasirika siku nzima. Sijui nimkasirikie nani. Kaka hana kosa. Mama ni mama. Mimi wangu nilimzika kwa simu, niko Fordsburg, naangalia jeneza kwenye kioo cha simu ya ndugu. Siwezi kumwambia shoga yangu arudi.

Na siwezi kumwambia abaki. Tumejificha pamoja kwenye stoo yake kipindi kile cha vurugu dhidi ya wageni, maboksi ya sahani yamezunguka, tunasikia vioo vinavunjwa barabarani, amenishika mkono mpaka kulipokucha. Nani atakuwa upande wa pili wa ukuta?

Nyama imefika kutoka kwa Ma. Nzuri. Amekataa kunichaji usafiri, ameomba tu nimwombee dua.

Nimekata vitunguu. Nimelia, na vitunguu vimenisitiri.

Alhamisi, 24 Oktoba

Siku ya karamu.

Ua umejaa meza za duara na nguo nyekundu. Wafinyanzi, majirani, wazee wa kiwandani alikofanya kazi Bi Mkubwa. Wapishi wa kukodi wamechukua jiko. Mimi nimewekewa kona yangu nyuma ya karakana, mafiga ya matofali, mkaa, sufuria mpya. Nimeomba kona hiyo mwenyewe. Napenda kupika nikiwa naona moto.

Vitunguu mpaka vikawa rangi ya chai. Saumu na tangawizi. Nyama na supu yake. Viazi. Viungo vya duka la dawa, karafuu za baba. Mchele wa yule mkulima. Maji yalipokauka nikaweka makaa juu ya mfuniko. Wapishi walikuja mmoja mmoja kuchungulia, hawajaona mtu anawasha moto juu ya chungu. Mmoja alininyooshea kidole gumba.

Vyakula vyao vikaanza kutoka. Sahani baada ya sahani. Samaki mzima, bata, uyoga, mboga za kila aina, tambi ndefu za kumtakia mzee maisha marefu. Nilikuwa nachungulia kutoka kwenye kona. Watu wanakula, wanacheka, wanashiba. Nikahesabu wali wangu umepotea bure. Nani atakula pilau juu ya yote hayo.

Halafu nikaona jambo. Bi Mkubwa hali. Tambi alivuta kidogo kwa ajili ya baraka, akaweka vijiti chini. Kila sahani inayopita kwake anaitikia kwa kichwa na kuiacha. Guoliang anamwinamia sikioni, sikio zima, anamwomba. Anatikisa kichwa. Meza nzima imeanza kutazama. Xiulan ameogopa labda anaumwa.

Bi Mkubwa akasema neno moja kwa sauti, kwa watu wote. Mama Wen alifunika mdomo.

"Nini?" nikamuuliza.

"Anasema anasubiri wali."

Guoliang alisimama. Nilidhani anakuja kunifokea. Akaja mpaka kwenye mafiga, akakunja mikono ya shati, akashika upande mmoja wa sufuria kwa matambara. Nikashika mwingine. Tumeibeba sisi wawili katikati ya meza zote mpaka mbele ya mama yake. Nimefunua. Mvuke ukapanda na harufu ikaenda mpaka meza za mwisho, nimeona vichwa vinageuka kwa zamu.

Nimempakulia mwenyewe. Mchele umechambuka, kila punje peke yake, rangi ileile ya Fordsburg. Amekula kwa kijiko, polepole, macho chini. Akamaliza. Akanyoosha bakuli.

Wakati nampakulia mara ya pili mwiko ukakwangua chini, akasikia. Akauliza kitu, akachungulia ndani ya sufuria. Ukoko. Nao wana jina lake, wanauita guoba, na watoto wao hugombea kama wetu. Nikambandulia kipande kikubwa, cha kahawia, kina kitunguu kimegandia. Akakitafuna kwa meno yaliyobaki, ua mzima unasikia kikivunjika, na akacheka.

Basi watu wakaja na mabakuli. Walioshiba, waliofungua vifungo vya suruali. Mpishi wa kukodi akaja mara mbili. Sufuria imekwisha, Xiulan amefuta ya mwisho kwa kidole.

Guoliang akagonga glasi. Si msemaji. Mama Wen ananitafsiria. Alisema: dada yetu alipofiwa mbali, hakuna kati yetu aliyemfikia. Huyu alimfikia. Leo amekuja kutoka nchi ambako vyombo vyetu vilipamba makaburi. Sijui tumwiteje. Mgeni si jina lake.

Akainua kikombe cha chai kwa heshima yangu, kwa kuwa anajua sinywi pombe. Watu wote wakasimama.

Nilisimama na mimi, aproni ina masizi, kanga kichwani. Sikuinamisha kichwa. Laiti wa Chake Chake wangeniona. Laiti wa Fordsburg.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mama Wen anabaki. Ameniambia tukiosha sufuria. Nilishajua jana, nilipomwona anamfuta mama yake mdomo.

"Mpaka atakapokuwa hanihitaji," amesema. Duka ataliendesha binamu yake wa Rosettenville. Nimemwambia afanye hivyo, ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Ni kweli. Imeniuma, na ni kweli.

Nimemfundisha pilau, tangu kitunguu. Anachoma vitunguu. Nimemkemea kama ninavyomkemea Zawadi.

Guoliang amenipa lile bakuli dogo alilolilinganisha na picha. Alitaka nikaliweke kwenye nguzo kule Ras Mkumbuu. Nimemweleza magofu yako chini ya serikali, mtu habandiki kitu. Amefikiri. Akasema basi nilitumie kulia chakula.

Kituoni Bi Mkubwa amekuja kwa kiti cha magurudumu. Alinishika mkono mpaka treni inafunga milango.

Jumanne, 29 Oktoba. Fordsburg

Nimefika. Mijakaranda imechanua, barabara zimejaa maua ya zambarau, watu wanayakanyaga bila kuangalia.

Jiko safi. Zawadi ameongeza sombe, kisamvu cha kwao, kwenye menyu bila ruhusa, na inauzika. Nimesema sawa. Nassor amenipokea uwanjani, akataka kusikia habari zote. Nimemsimulia kwa Kiswahili njia nzima. Nilipofika kwenye duka la dawa akapunguza mwendo. "Rudia," akasema. Kwa Kiswahili. Nikarudia.

Ijumaa, 15 Novemba

Sala, jiko, wateja. Mvua ya radi mchana, imepita.

Binamu wa Mama Wen amefungua duka. Mtu mkimya. Nimempelekea sahani, amerudisha sahani imeoshwa. Tutazoeana.

Jioni simu imelia, picha kutoka Jingdezhen. Pilau kwenye sinia, mchele umechambuka, makaa bado juu ya mfuniko kando. Nyuma yake Bi Mkubwa na kijiko, na Mama Wen, mwiko mkononi, kitambaa kichwani kama changu, uso umejaa masizi mpaka karibu nisimtambue. Amepika peke yake. Hakunipigia kuuliza lolote.

Nimeiangalia muda mrefu. Zawadi akachungulia begani kwangu, kisu na kiazi mkononi.

"Ni nani huyu ameshika mwiko?"

"Ndugu yangu," nikasema.

Akaiangalia picha, akaniangalia mimi. Akarudi kumenya viazi.